Nani Atakata Mti wa Kwanza

Mume wangu Mutahi alipokuwa anakata roho hakuniachia neno tamu hata moja. Nilikuwa nimemshika mkono, nimeinama, nimetega sikio, nikitarajia labda atasema nimekuwa mke mwema. Akasema, "Kahawa yangu mtu asiguze." Halafu akaenda zake.

Mtu yeyote wa Mukurweini anajua neno kama hilo huitwa kirumi. Ni agizo la anayekufa, na ukilivunja utakiona cha mtema kuni. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa na nimeolewa kanisani, na kirumi nakiogopa vilevile kama majirani zangu wote, waliookoka na wasiookoka.

Lakini kahawa yenyewe ilikuwa imezeeka. Majani yalikuwa na kutu, matunda ya kuhesabika, na kazi yake ilinivunja kiuno bure. Nilitaka kupanda avokado. Miche ilikuwa tayari kivulini, na mvua ndefu ilikuwa inaelekea kuisha. Isipopandwa wiki ile ingekauka kwenye karatasi zake za kuoteshea.

Nikamwita Mwai, ambaye ametulimia miaka mingi. Alifika na panga na jembe, akaiangalia kahawa, akaliangalia kaburi la Mutahi pale juu kando ya ua, akaweka vyombo chini.

"Mama Wamucii, hiyo neno nilisikia na masikio yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe ya uji hapo kando ya kitanda. Mimi siwezi."

"Mutahi amekufa, Mwai."

"Najua. Si ni mimi nilichimba kaburi yake? Lakini ameenda wapi? Kama anaona huku, siguzi. Kama haoni, nitang'oa yote. Uliza watu ya kanisa, si hiyo ndio kazi yao."

Mchungaji wetu alikuwa ameenda semina Nanyuki. Basi Jumapili alasiri nikawaita ndugu wa marehemu. Alikuja Theuri, mdogo wake, ambaye ni mzee wa kanisa la Sabato. Alikuja Warigia, dada yao, Mkatoliki asiyekosa misa. Na alikuja Pasta Peterson, mwenye kanisa la mabati pale sokoni, ambaye hakuna aliyemwita. Huyo husikia harufu ya chai kabla maji hayajachemka.

Niliwawekea chai na nduma, nikawauliza waziwazi: Mutahi yuko wapi saa hii, na anaona kahawa yake ama haoni?

"Hakuna kitu ya kuuliza," Theuri akasema. "Mtu akikufa amelala. Haoni, hasikii, mpaka parapanda ilie. Mutahi hata hajui amekufa."

Warigia akaweka kikombe chini. "Ati amelala? Na nani alikuja kwa ndoto yangu juzi akiuliza koti yake ya kijivu?"

"Hiyo ni nduma ulikula ukachelewa kulala."

"Theuri, usinicheke. Mutahi yuko toharani. Anaona kila kitu, na kila shina ikikatwa uchungu yake inaongezeka. Tufanye misa kwanza, ndio tukate."

"Toharani haiko," Pasta Peterson akadakia, mdomo umejaa. "Yule mwizi wa msalabani aliahidiwa ni leo leo, si kesho. Mutahi yuko paradiso. Huko ni raha tupu, hawezi kufikiria kahawa."

"Mutahi asifikirie kahawa?" Warigia akamgeukia. "Basi huyo uko naye huko si Mutahi. Umetuokotea mtu mwingine."

Hata Theuri alicheka. Pasta, kwa kutaka kujiokoa, akaleta habari za yule tajiri aliyekuwa motoni akamwona Lazaro kwa mbali. Warigia akamrukia hapohapo: kama aliye motoni aliona vizuri hivyo, aliye mahali pazuri atashindwa kuona shamba la Mukurweini? Theuri akasema ule ni mfano tu. Pasta akasema mfano wa uongo haupo. Wakaanza kupigana na Biblia kama watoto wanaogombania blanketi, kila mmoja akivuta upande wake, na katikati Mutahi wa watu akibaki bila kufunikwa.

Mimi nilimtazama Theuri. "Shemeji, kwa hivyo hasikii hata akisalimiwa?"

"Hata ukipiga nduru."

Neno hilo lilinichoma. Kila asubuhi nikienda kukama napita kaburini, namwambia Mutahi habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, mtoto wetu Wamucii amepiga simu, jirani amehamisha ua tena. Sasa nilitaka Theuri ashinde kwa ajili ya avokado, na ashindwe kwa ajili yangu. Haiwezekani yote mawili, nami nilikasirika kwa sababu haiwezekani.

Nikaenda nikaleta panga. "Shemeji, wewe uko na hakika. Kata mti wa kwanza tu, Mwai atamaliza."

Theuri alilitazama lile panga, asiliguse. "Unajua mgongo yangu tangu mwaka jana..."

"Pasta, si Mutahi ako na raha?"

"Raha sana, mama. Lakini nangojewa huko Chaka, na boda yangu iko nje."

Wakaondoka, kila mmoja akiwa ameisafisha sahani yake. Warigia aliniambia nisimsumbue ndugu yake, naye akaenda. Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayakati kahawa. Nikafunga leso kiunoni, nikaingia shambani mwenyewe, nikikwepa maharagwe yaliyopandwa katikati ya kahawa.

"Mutahi," nikasema, "ninaanza."

Nikakata. Mti ukalala. Nilikuwa naogopa atajibu, na nilipoona hajibu niliogopa zaidi. Nikakata wa pili kwa hasira, nikamwambia mtu mwenye akili anapokufa humuaga mkewe, haagi miti. Ng'ombe wa jirani alilia, basi. Nikakaa kwenye matope nikalia kwa sauti. Wakati ule ningefurahi hata kama angenitukana.

Nilipoinua kichwa, Mwai alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro. Alikuwa amesikia panga. Hakuthubutu kuvuka.

"Mama, amesema kitu?"

Nikisema hapana, Theuri ameshinda, kazi itaisha, na kesho asubuhi nitapita kaburini nikiwa nimefunga mdomo. Nikajipangusa uso kwa leso.

"Amesema."

Mwai akarudi nyuma hatua. "Amesema nini?"

"Ati nakata vibaya. Ati nimeacha kisiki kirefu hivi, nani atang'oa? Ati kama siwezi kazi nipatie Mwai panga."

Mwai akacheka mpaka akashika magoti. "Huyo ni yeye! Huyo ni Mutahi kabisa! Hajawahi kuona mtu akifanya kazi anyamaze!" Akaruka mtaro, akanipokonya panga, akainamia kile kisiki.

"Alafu akasema nini ingine?"

"Alafu akasema usikanyage maharagwe."

"Sikanyagi, mzee," Mwai akajibu, na hakuwa akinitazama mimi.