Uzi wa Puani

Wodini waliniita Redio, kwa kuwa mguu wangu ulifungwa lakini mdomo uliachwa. Nilianguka kutoka jukwaa la mafundi nikipiga lipu ukutani, nikavunjika paja, wakanilaza na mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Sikuwa na pa kwenda, basi nikawa namtania kila aliyepita.

Jirani yangu alikuwa mzee mshona nguo. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote na miguu, kikamwachia mikono. Alilishwa uji kwa mpira uliopita puani, na kila akiachwa peke yake aliung'oa. Sista Mkuu wa wodi akaagiza afungwe mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Ngozi ikachubuka.

Binti wa mzee alipoona hakupandisha sauti. "Dada," alimwambia nesi mgeni, "kama ni wa kufa, afe. Ila asife amefungwa kama mbuzi."

Nesi huyo alikuwa ametoka chuoni juzi, nami nilikwishampa jina la Profesa. Huko alifundishwa kwamba mgonjwa ni mtu kwanza, ugonjwa baadaye. Kwamba nesi akae naye, amshike, aingie katika dunia yake, aone anachokiona yeye. Wodi nzima tulimcheka.

"Profesa, dunia yangu inawasha chini ya kisigino," nilimwambia. "Ingia unikune."

"Ngoja zamu yako, Redio."

Akavuta kiti, akafungua zile bandeji, akaketi anamtazama mzee tu. Mkono wa mzee ukapanda puani, polepole. Akaushika mpira kwa ncha za vidole viwili, akauviringisha, kama anautafuta mwisho wake.

Profesa akamgeukia binti. "Baba akiona uzi unaning'inia kwenye nguo, anafanyaje?"

"Hawezi kuuvumilia. Hata mpita njia atamsimamisha auvute."

Profesa akaupitisha mpira nyuma ya sikio, akaubandika plasta asiuone. Kisha akampa mzee kipande cha shuka kuukuu, pindo lake amelichanachana. Mzee akakipokea kama mtu aliyerudi kazini. Akavuta uzi mmoja, akauchungulia, akauweka kifuani. Akavuta mwingine.

Sista Mkuu akaja, akasimama mbele ya Profesa. "Akiung'oa tena, nafunga. Una wodi nzima, nesi, si kitanda kimoja."

"Ndiyo, Sista."

Hakuung'oa. Michubuko ikakauka. "Fundi, suruali yangu lini?" nilimuuliza kila asubuhi, naye ananipungia kitambaa.

Halafu basi likapinduka barabarani. Majeruhi wakalazwa hadi sakafuni, na Profesa akaitwa huko, uji wa mzee bado unashuka mpirani. Mhudumu wa usafi akapita anabadilisha shuka. Akaona kitambaa kilichochakaa, akakitupia kwenye kapu.

"Hicho acha," nilimwambia. "Hiyo ndiyo kazi yake mzee."

Akacheka, akaenda zake. Redio imezoeleka, nani anaisikiliza?

Mzee akapapasa kifua. Akapapasa shuka, lilikuwa jipya, halina uzi hata mmoja. Akapapasa shavu, akaigusa plasta. Mkono ukafika sikioni.

Nilipiga kelele. Nikarusha kikombe, nikarusha bakuli. Siku hiyo kila mtu alikuwa anapiga kelele. Mpira ulitoka nusu, uji ukamwingia mapafuni, na Profesa alipofika, midomo ya mzee ilishabadilika rangi. Mchana ule ule akafa.

"Ungemfunga, angekuwa hai," Sista Mkuu alisema. Alisema taratibu, bila hasira, ndiyo maana iliuma.

Profesa akainama, akaokota kikombe changu sakafuni.

Bintiye alikuja, akaigeuza mikono ya babaye, akaangalia pale bandeji zilipokuwa. Palikuwa pamepona.

"Hamkumfunga," akasema. Sijui kama alikuwa anashukuru.

"Hatukumfunga," Profesa akasema.

Kesho yake kitanda kilipata mwenyeji mwingine, abiria wa lile basi, mtu mzima aliyeumia kichwa. Hasemi, na mpira anaung'oa. Sista Mkuu akamkabidhi Profesa bandeji, akaondoka.

Profesa akamuuliza mwana wa mgonjwa huyo, aliyesimama miguuni pa kitanda. "Baba akiwa nyumbani, mikono yake hufanya nini?"

Kijana akaitazama mikono ya baba yake. "Sijui, dada. Sikuwahi kuangalia."

Nilikuwa na utani tayari ulimini. Nikaumeza. Profesa akaisokomeza bandeji mfukoni, ncha yake ikabaki nje inaning'inia, akavuta kiti.