Kiti cha Nyuma

Jioni ile Guizhen alichora duara la chaki pembeni mwa barabara, akaliachia upenyo upande wa magharibi, kisha akawasha moto wa kumtumia marehemu mumewe zawadi, maana kinachoteketea humo humfikia aliyekufa. Hanlin aliendesha teksi humu Wuhan miaka ishirini na sita, mpaka magari yasiyo na dereva yalipomnyang'anya abiria. Alikufa ameshika usukani, akimngoja mteja ambaye hakutokea. Mwaka huu mkewe alimnunulia teksi ya karatasi, na moto ulikuwa umeanza kuila kwa mbele.

Moto wa marehemu hauzimwi. Huachwa uishe wenyewe. Ukiuzima, umemnyima. Madereva wa zamani waliupita polepole wakisema, "Tuazimeni njia, wazee."

Likaja gari jeupe, likaona moto, likagoma.

"Kuna hatari mbele. Tafadhali subiri," lilisema, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Pang, jirani yao wa ghorofa ya nne, jasho likimtiririka, mkono kifuani. Ni Pang huyuhuyu aliyekuwa akimkoga Hanlin kwenye ngazi: "Ndugu yangu, gari lako linanuka sigara! Ninalopanda mimi halinuki, halina umbea, na bei nusu!" Guizhen hakuwahi kumsamehe.

"Shemeji!" Pang aligonga kioo. "Moyo wangu! Nawahi hospitali, niondolee huo moto!"

"Shuka basi, tukubebe!"

"Mlango umegoma!"

Guizhen alimtazama Pang, akautazama moto.

"Nisamehe, mume wangu," alisema, akaukanyaga. Gari likaogopa na moshi pia, ikabidi azoe majivu ya moto kwa mikono mitupu huku akipiga kelele watu waite gari la wagonjwa.

Gari jeupe likaondoka. Halikufika mbali, likasimama tena. Guizhen akalikimbilia.

"Abiria, tafadhali kaa wima ufunge mkanda, safari iendelee."

Pang alikuwa ameporomoka chini ya kiti. Guizhen alipiga kioo mpaka viganja vyake vilivyoungua vikatoa damu. "Twende, we chuma! Twende!"

"Abiria, tafadhali kaa wima."

Wahudumu wa hospitali walipofika walivunja kioo. Hawakuharakisha kumtoa. Walimfunika uso.

Guizhen alirudi kwenye duara lake. Teksi ya karatasi ilikuwa imeteketea mbele, kiti cha nyuma kizima. Alikiweka katikati, akawasha kiberiti.

"Hanlin," alisema, "abiria anakuja. Mbebe."