Baiskeli Zisipate Baridi

Hita za fleti zilikufa wiki ileile theluji ilipoanza kushuka Temple Hills, Marekani, na Genoveva aligundua kabla ya wenzake kwa sababu ya magoti yake. Alirudi kutoka kazini Annandale, alikokuwa akimwogesha na kumlisha bibi mmoja wa Kizungu kutwa nzima, akavua viatu, akakanyaga sakafu, akavivaa tena upesi. Akaenda kushika hita ya ukutani. Ilikuwa imepoa tuli, kama chungu cha jana.

Jengo lenyewe lilikuwa jipya. Harufu ya rangi ilikuwa haijaisha kwenye ngazi, na lifti ilikuwa na kioo ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikwaruza bado. Baada ya kuishi miaka mingi kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, Genoveva alihamia pale kwa fahari, akawapigia ndugu zake wa Rombo picha ya jiko, na picha nyingine ya jiko hilohilo kutoka upande wa pili. Sasa alikuwa amekaa jikoni humo amevaa koti, kofia, na soksi mikononi, anampigia simu msimamizi wa jengo.

Msimamizi aliitwa Wayne. Wazazi wake walikuwa Wakenya wa mji jirani wa Columbia, yeye alizaliwa hukuhuku. Kiswahili alikielewa chote, ila kukizungumza kulimtoa jasho.

"Pole sana, Auntie. Kipuri kimeagizwa. Kiko njiani."

"Kiko njiani kutoka wapi, mwanangu?"

"Hiyo sijui. Wamesema tu njiani."

Kipuri kikaendelea kuwa njiani. Wapangaji walinunua mablanketi, wakapika chai mfululizo, wakalala na majaketi. Jelagat, nesi wa Eldoret aliyefanya kazi za usiku na kulala mchana, alisema amewahi kuona maiti walio na vidole vyenye joto kuliko vyake.

Ndipo jioni moja Simiyu akabisha mlangoni kwa Genoveva. Simiyu alikuwa mtu wa Bungoma, mnene, mpole, mfanyakazi wa ofisini, na jirani wa ukuta kwa ukuta. Genoveva alipofungua alidhani mtu huyu amechanganyikiwa, maana alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, na kipaji cha uso kinang'aa kwa jasho.

"Mama Jackie," akanong'ona, akimwita kwa jina la mwanawe, huku akichungulia koridoni, "hebu kuja nikuonyeshe maneno."

Wakashuka hadi chini kabisa, wakapita chumba cha takataka, wakafika kwenye mlango mpana wa chuma. Simiyu akatoa kadi, akaigusisha, mlango ukalia ti! na kufunguka. Joto likamkumbatia Genoveva kama shangazi aliyekuwa akimsubiri uwanja wa ndege. Miwani yake ikaingia ukungu. Alipoifuta aliona ukumbi mkubwa, wenye taa nzuri, na vyuma vya kuegeshea baiskeli vimepangwa safu kwa safu kama viti vya kanisani. Palikuwa na bomba la maji ya moto, benchi la mbao, pampu, na soketi ukutani. Sakafu ilitoa joto kutoka chini. Magoti ya Genoveva yakaacha kuuma.

"Nani anakaa humu?"

"Ni baiskeli yangu," akasema Simiyu kwa haya.

Kweli, mwisho wa safu ya mbele ilisimama baiskeli moja, nyeusi, safi. Simiyu aliinunua baada ya daktari kumwambia apunguze mwili. Aliipanda mara moja, akazunguka jengo, akarudi ndani, na tangu siku ile yeye na baiskeli walisalimiana tu.

Kwa jinsi alivyoelewa Simiyu, mambo yalikuwa hivi. Kila jengo jipya lilitakiwa kuwa na mahali pa kuegesha baiskeli, tena si nje kwenye theluji. Kwa kuwa mji una baridi, chumba kiwe na boila lake lenyewe la kupasha joto, lisilotegemea lingine, ili barafu iyeyuke kwenye tairi na minyororo isishike kutu. Boila hilo likizimika, jengo linafungwa. Kuhusu hita za binadamu, hayo yaliachwa kati ya mwenye jengo na dhamiri yake.

Kesho yake Genoveva akaenda ofisini kwa Wayne kuomba kadi.

"Ni ya wenye baiskeli tu, Auntie. Hata mimi sina."

"Kwa hiyo baiskeli ina haki kunizidi mimi?"

"Sio hivyo. Ni vile baiskeli iko kwenye rules."

"Na mimi?"

Wayne akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Wewe uko kwenye mkataba wa nyumba."

Genoveva hakubishana. Alipanda basi mpaka duka la mitumba, akapita nguo, akapita masufuria, akafika kona ya vitu vya watoto, akachukua baiskeli ya rangi ya waridi yenye riboni kwenye usukani. Kupanda baiskeli alikuwa hajui. Hakuwahi kujifunza, na katika umri wake hakuona sababu ya kuanza. Aliichagua ile kwa kuwa ndiyo pekee angeweza kuibeba kwa mkono mmoja na kushika mfuko wa viazi kwa mkono wa pili.

Wayne aliitazama, akarudi kwenye kompyuta, akasoma sana. "Hawajasema kitu kuhusu saizi," akasema mwishowe, na akampa kadi.

Jelagat alifuata, na baiskeli ya kukunja isiyokunjuka tena. Akatandika mkeka kati ya safu mbili, akawa analala pale mchana kutwa, mkono mmoja ameuweka juu ya tairi ili mtu asije akasema haitumii. Genoveva alipokuwa na siku ya mapumziko alikaa benchini akichambua maharage. Simiyu alileta kazi zake za ofisini. Mazungumzo yalinoga. Iligundulika kuwa Jelagat anajua kuigiza sauti za madaktari wote wa zamu yake, na kuwa Simiyu, pamoja na unene wake wote, aliwahi kuwa golikipa wa shule, au tuseme ilikuwa kwa sababu ya unene huo.

Siku moja Wayne akafungua kwa ufunguo wa akiba, akaingia ghafla na kuwakuta wanasubiri wali uive.

"Auntie, please. Chumba ni cha kuhudumia baiskeli. Na hiyo soketi ni ya kuchaji baiskeli za umeme!"

Genoveva akainuka bila haraka. Akachukua kamba, akalifunga jiko la wali la umeme kwenye keria ya baiskeli yake ya waridi, waya bado umechomekwa ukutani, mvuke unapanda kati ya riboni.

"Ya umeme hiyo," akasema. "Inachaji."

Wayne akainama, akaikagua mbele na nyuma. Kisha akaomba sahani.

Habari zikapanda ghorofa kwa ghorofa. Kila jioni mlango ulilia ti! na mtu akaingia na chombo chake: baiskeli isiyo na kiti, baiskeli ya viti viwili aliyoikokota mjane mmoja peke yake, kitu cha gurudumu moja kilichotoka kwenye sarakasi fulani. Waumini wa maombi ya Jumamosi walihamishia ibada mle, na kwa kuwa chumba kilikuwa cha kuhudumia baiskeli, kila mmoja aliomba akiwa na kitambaa mkononi, akifuta. Wakati wa kusifu walipiga kengele.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Mkongo wa ghorofa ya nne alishuka amebeba mgongoni mashine ya mazoezi, ile ya kunyonga pedali ukiwa umekaa palepale. Wayne akamzuia mlangoni.

"Hii haina magurudumu, boss."

"Ni velo hii! Tazama: iko na kiti, iko na pedali, iko na usukani. Unataka nini tena?"

"Lakini haiendi mahali."

"Na zile za ndani zinaenda wapi?" Mkongo akauliza, anahema chini ya mzigo. "Humu mnapaki, ama hampaki? Hii imeshapaki. Imezaliwa imepaki! Katika velo zote za jengo hili, hii ndiyo inatii sheria kuliko zote."

Watu waliokuwa ndani wakapiga makofi. Wayne akashika kichwa, akasogea pembeni, na mashine ikapewa nafasi karibu na dirisha.

Mkaguzi wa serikali alikuja kukiwa na dhoruba, siku ambayo hata mabasi hayakutoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ngozi ya uso iliyochoka na mikutano. Genoveva alimwona akisimama mlangoni. Mama yule alikuwa amekagua vyumba vya baiskeli miaka na miaka, na alichokuwa akikuta ni makatoni, magodoro, na miti ya Krismasi ya plastiki. Sasa aliona chumba kimejaa pomoni, katikati ya majira ya baridi, na watu wazima wakisugua minyororo kwa upole kama wanamkanda mtoto mchanga. Macho yake yakalowa. Akamwendea Genoveva, aliyekuwa karibu naye zaidi, akamwuliza kwa Kiingereza huwa anaelekea wapi na baiskeli yake.

Genoveva hakupenda uongo. Akamjibu kwamba haendi popote. Akiwa na baiskeli hiyo hapa, moyo wake umetulia, na mwili pia.

Mkaguzi akamshika mikono yote miwili. Akasema amengoja maisha yake yote ya kazi kusikia maneno hayo. Kisha akahesabu nafasi, akahesabu baiskeli, na uso wake ukabadilika ukawa wa kiserikali. Chumba kimezidiwa. Baiskeli zilizosimama koridoni zinateseka. Mwenye jengo aongeze maegesho mara moja, yenye joto lilelile, la sivyo jengo lifungwe.

Kwa siku kadhaa watu wa suti walipanda na kushuka na lifti wakipima kuta. Wapangaji walikosa raha. Jelagat alisema watafukuzwa. Simiyu alisema haiwezekani, halafu akaanza kufunga vitabu vyake kwenye maboksi. Genoveva aliwaza kurudi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu, akajikuta anafuta riboni za ile baiskeli bila hata mtu wa kumwona.

Hatimaye Wayne akawaita wote. Alisimama mbele ya zile safu za chuma, amevaa tai.

"Nafasi nyingine hakuna," akasema. "Kwa hivyo kampuni yenye jengo imeamua... fleti zenu, kuanzia leo, ni maegesho ya baiskeli. Zote. Mabomba ya boila yatapandishwa mpaka juu."

"Na sisi je?" akauliza Jelagat.

"Mnaruhusiwa kukaa humo," Wayne akasema, "bora msizuie baiskeli."

Kampuni iliyoshindwa kuleta kipuri kimoja msimu mzima ilileta mafundi, mabomba na ndoano za ukutani kabla ya Jumapili. Genoveva alirudi kutoka Annandale akakuta joto linamlaki mlangoni kwake mwenyewe. Baiskeli ya waridi ilikuwa imetundikwa sebuleni, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Mkaguzi akaja, akaweka kipimajoto karibu na tairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaaga. Genoveva akavua koti, akavua kofia, akapika, akala peke yake, akalala bila soksi.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu akajishtukia akizungumza na sufuria. Milango yote ya koridoni ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anapata joto na baiskeli yake. Akapakua makande kwenye bakuli, akalifunika na kitambaa, akashuka chini, kwa mazoea tu, asijue anampelekea nani.

Chumba cha baiskeli kilikuwa kitupu, taa zinawaka, vyuma vinang'aa. Kwenye benchi alikaa Wayne na tai yake, kompyuta juu ya mapaja. Alipomwona Genoveva akaruka kusimama.

"Ofisi yangu haina hita," akasema haraka. "Kila mahali wameweka, ofisi wakaruka, kwa sababu... sina baiskeli, Auntie. Siruhusiwi kuwa hapa. Nilijifungulia na ufunguo wa akiba. Tafadhali usiambie mtu."

Genoveva akamtazama vidole, jinsi vilivyokuwa bado vimekakamaa kwa baridi. Akaketi benchini, akafunua bakuli.

"Kula kwanza," akasema. "Kijiko ni kimoja. Ngoja nikamgongee Simiyu alete vingine."