Sauti ya Tatu ya Nakijwa

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni na jogoo wa jirani nje ya chumba cha mjukuu wangu Nakijwa.

Nakijwa hutengeneza muziki kwa kompyuta. Si wa kucheza, ni wa kukaa na kusikiliza. Huu wa sasa ni wa kumkumbuka mama yake, binti yangu, tuliyemzika mwaka jana. Kajiwekea sheria mwenyewe: wimbo mzima uwe na sauti tatu tu, zote za nyumbani kwetu. Mbili anazo, tone la bomba na mfuniko wa sufuria. Ya tatu kaitafuta wiki tatu. Juzi alisema asipoipata kufikia Ijumaa, anaufuta wimbo na muziki anaacha.

Basi ndotoni ile sheria imeenea kijiji kizima. Mbwa anafungua mdomo, anafunga. Kengele ya kanisa imeshuka mnarani, imekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Sisi wa foleni tu ndio tunaoruhusiwa kunong'ona.

"Shikamoo, bibi," anasema jogoo. "Pita mbele yangu, miguu yako inauma."

"Marahaba, baba. Mungu akuzidishie."

Mlangoni kompyuta imevaa miwani. "Umeleta sauti gani?"

"Sina. Nimekuja kumwombea mtoto."

"Nyumba nzima huna hata moja?"

"Nimeziondoa zote, asisumbuke. Natembea kwa ncha za vidole. Hata mchele naenda kupepetea kwa jirani, Mama Senzia."

Kompyuta inavua miwani. Foleni nzima inanigeukia.

"Bibi," inasema taratibu, "umemfichia chumvi, halafu unauliza kwa nini mboga haina ladha?"

Nikaona haya. Hapohapo ukuta unaondoka, tuko uani kwa Mama Senzia. Ungo wangu umekaa kwenye kigoda, umenuna.

"Leo umenikumbuka?"

"Nisamehe. Nilidhani wewe ni kelele."

"Kelele! Binti yako alipokuwa mgongoni hataki kulala, nani alimbembeleza?"

Nikaushika, nikapepeta. Che, che, che. Makapi yanaruka mpaka usoni. Kengele imefumba macho. Nakijwa anakuja, anakaa chini, anaegemeza kichwa kwenye goti langu.

"Tatu," inaandika kompyuta. "Wengine rudini nyumbani."

"Haya, mimi nitawika mwaka kesho," anasema jogoo, bila kinyongo.

Nikaamka, kumekucha. Nakijwa amesimama mlangoni, hedifoni shingoni, macho mekundu, anacheka.

"Bibi, kumbe unapepetaga alfajiri! Nimeirekodi yote. Ndiyo yenyewe, bibi. Ndiyo yenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba ungo uko kwa Mama Senzia wiki ya tatu sasa. Lakini kabla sijasema neno, ilibidi kwanza niondoe kapi la mpunga lililokuwa limenata mdomoni.