Aliye Mbali Huona Dari

Kiti cha Florimae bado kiko dirishani, pale mtandao unaposhika vizuri. Sijakiondoa. Mchana paka hulala juu yake, nami namwacha, maana kiti kisichokaliwa huoza upesi kuliko kinachokaliwa.

Florimae ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Nelfa. Nelfa yuko Hong Kong, anatunza nyumba ya watu na watoto wa watu. Aliondoka Florimae ana miaka saba, na leo Florimae ana ishirini na sita. Nimemlea mimi hapa Sibalom, mji wetu mdogo wa Ufilipino. Alipomaliza masomo akapata kazi ambayo kwangu ilikuwa muujiza, kazi isiyomtoa mtu nyumbani. Kampuni iko Manila, inauza vyombo vya jikoni kwa mtandao, na mteja aliyepelekewa sufuria yenye tundu anajibiwa na mjukuu wangu, ameketi dirishani kwangu miguu peku, sahani ya samaki mkavu ubavuni. Nilisema moyoni, Bwana amechukua mmoja, huyu ameniachia.

Mwaka wa sita wa kazi hiyo nikamwona amepoa. Wali anauchokonoa tu.

"Una nini, Inday?" nikamuuliza. Inday ndivyo tunavyowaita wasichana wetu tunaowapenda, kama bibi anavyoitwa Lola na mama Nanay.

"Sina kitu, Lola."

"Huyo 'sina kitu' amekunyima chakula siku tatu sasa. Mlete nimwone."

Akacheka kidogo, kisha akanieleza. Aliyechaguliwa kuwa kiongozi wa kundi lao ni msichana wa pale ofisini Manila ambaye Florimae ndiye aliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza. "Mimi nilimwonyesha mpaka pa kubonyeza, Lola. Leo ananiambia mimi niandike ripoti vizuri."

"Kwa nini yeye?"

"Anakula na bosi mchana. Mambo yanaamuliwa mezani, wanaposhushia na soda. Mimi nasikia kesho yake." Bosi alimwambia Florimae wazi: uongozi ni wa wanaoonekana. Akitaka nafasi nyingine itakayofunguka mwezi wa sita, ahamie Manila.

Jirani yangu Osang, ambaye huja kuazima chumvi na kuondoka na habari, alikuwa mlangoni. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema. "Hivyo ndivyo dunia ilivyo."

"Na nyoka wa miaka sita wameuawa na nani?" Florimae akamjibu. "Si fimbo hii hii, Manang?" Manang humwita mwanamke aliyemzidi umri.

Mimi nilikuwa naifikiria sikukuu ya mtakatifu wetu, mwaka juzi. Nelfa alipiga simu ya video ale nasi sikukuu kwa macho. Tukaiegemeza simu kwenye chupa ya siki ya pilipili, katikati ya meza, kila mtu akamsalimu. Halafu nguruwe wa kuchoma akaletwa, mtu akaivuta ile chupa apate siki, na simu ikalala chali. Hakuna aliyeona. Tulikula, tukaimba, tukacheka mpaka machozi. Saa mbili nzima. Nilipoikumbuka na kuiinua, uso wa Nelfa ulikuwa bado upo.

"Mwanangu! Mbona hukuita?"

"Niliita, Nanay. Mlikuwa mnaimba." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bati linavuja pale kwenye kona. Nimeliona doa. Mwambieni fundi kabla ya mvua."

Kwa saa mbili binti yangu alikuwa anatazama dari. Florimae aliponieleza habari ya ile meza ya bosi, nilijua anakaa wapi kwenye meza hiyo.

Basi Florimae akaanza kutafuta kazi nyingine ya kufanyia nyumbani, na mimi nikaanza kusali. Nasema kweli yangu: sikusali apate kazi nzuri. Nilisali apate kazi yoyote, abaki.

Kampuni moja ya Singapore ikamwita kwenye usaili, Alhamisi saa nne asubuhi. Jumatano alinisimulia usaili wake wa kwanza, ule wa miaka sita iliyopita. Mwishoni walimuuliza, "Je, wewe una swali lolote kwetu?" Naye akajibu haraka, "Hapana, Madam, sina. Asante sana, Madam."

"Na ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nayo tisa, Lola. Niliyaandika kwenye karatasi."

Nilimwelewa. Ndivyo tulivyo huku. Ukiwa nyumbani kwa watu wakakuuliza kama unaongeza wali, unasema umeshiba, na tumbo linanguruma mpaka mwenyeji analisikia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mambo ya usaili siyajui, lakini posa naijua. Nikamwambia:

"Babu yako Teban alipokuja kuniposa, ndugu zake walikaa kwenye benchi lile pale. Unadhani wao tu ndio waliouliza kama nafua, kama napika? Baba yangu naye aliwauliza: kwenu nani anakula kwanza? Mkwe wenu wa mwisho mlimlaza wapi? Halafu akamwekea Teban miezi mitano ya kutuchotea maji na kupasua kuni, kama desturi. Baba hakuwa anahesabu ndoo. Alikuwa anachungulia Teban anavyoitua ndoo akidhani hakuna anayemwona."

"Aliituaje?"

"Taratibu. Kwa mikono miwili. Ndiyo maana wewe upo."

Florimae akacheka. "Sasa Lola, kampuni nitaitumaje maji?"

"Huwezi. Basi waulize. Usiwaulize kama ni wema, kila mposaji ni mwema. Waulize wamefanya nini. Yule wa mwisho waliyempandisha, alikuwa amekaa wapi?"

Aliliandika swali hilo. Nilifurahi alipoliandika, na papo hapo nikatamani nisingelitamka.

Alhamisi Osang alimfunika jogoo wake kwa tenga, akilalamika. "Jogoo naye anatafuta kazi. Mwacheni asikike." Nikamwekea Florimae maji, nikakaa kwenye kona wasikoweza kuniona. Kiingereza chao nilishika maneno machache tu, lakini uso wa mwanamke aliyekuwa akimsaili niliuona kwenye kioo cha kompyuta, mwanamke wa makamo, miwani shingoni. Walizungumza vizuri. Alicheka mara mbili. Mwishoni nikaona Florimae ameitazama karatasi yake, masikio yamekuwa mekundu. Hapo alikuwa karibu kusema ameshiba. Kisha akauliza.

Yule mwanamke alitabasamu, akaanza kujibu, akaacha. Akavaa miwani. Akasema maneno machache, taratibu, na Florimae akaitikia kwa kichwa.

Alipofunga kompyuta nilikuwa nimeshafika kitini. "Amesemaje?"

"Amesema hataki kunidanganya. Watatu wa mwisho wote walikuwa pale pale ofisini. Walio mbali wanawapenda sana, lakini mikutano mingine hawawaiti. Ni rahisi zaidi hivyo, amesema."

"Mtu mkweli."

"Mkweli sana," akasema Florimae, akaanza kuikunja karatasi, akaikunja mpaka haikunjiki tena.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Wamemkubali. Alinisomea, akaiweka kompyuta pembeni, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo na viatu vimembana lakini hataki kusema.

"Lola, nikikubali nabaki hapa. Ni kazi ile ile tu, dari lile lile. Nimelizoea. Nikikataa, mwezi wa sita naenda Manila. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia ngoja nichume mlonge wa mchuzi. Nilikwenda uani, nikasimama chini ya mlonge, na sikuchuma hata jani moja.

Niliikumbuka siku wakala wa kazi za nje alipokuja kumchukua Nelfa. Kijana msafi, viatu vyeusi. Alikaa pale pale walipokaa ndugu za Teban. Akaeleza yote, kisha akanigeukia kwa heshima. "Nanay, una swali?" Nilikuwa nalo moja tu: atarudi lini? Nikaona haya. Mtu kaja kutusaidia, nami nimsumbue? Nikasema, "Sina, mwanangu. Kula zaidi," nikamwongezea wali wa nazi na sukari guru. Nelfa alikuwa ananitazama. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Amerudi mara tatu, na kila mara begi lake halikufunguliwa lote.

Osang alitokea upande wa pili wa ua, na kwa kuwa alishasikia yote, hakujisumbua kuuliza. "Mwambie akubali, mwanamke wewe! Ndege kaingia tunduni mwenyewe, unataka kumfungulia mlango? Utazikwa na nani?"

"Na wewe, Osang. Wewe hukosi shughuli."

"Sicheki nawe."

"Hata mimi sicheki," nikamwambia.

Nilirudi ndani mikono mitupu. Florimae aliitazama mikono yangu.

"Inday," nikasema, "huyo mposaji hakufai. Amekuambia mwenyewe atakulaza wapi. Ukishajua halafu ukaenda, usije ukamlaumu yeye. Utanilaumu mimi."

"Siwezi kukulaumu, Lola."

"Hutasema. Utachokonoa wali."

Alilia, mimi sikulia. Nilimwambia jambo moja zaidi: hata yule bosi wa Manila asimfuate kwa neno la mdomo. Florimae akawakatalia wa Singapore, akamwandikia bosi kwamba atakuja, ila kwanza aiandike ahadi yake ya uongozi. Siku nne bosi alikaa kimya. Ya tano akaiandika, na saini chini.

Aliondoka mwezi wa sita, mvua imeanza. Nilimfungia samaki mkavu kwenye magazeti matatu ili asinuke kwenye ndege, naye akasema atanuka tu, Lola, nikasema basi wamjue anatoka wapi. Basi la kwenda uwanja wa ndege wa Iloilo lilipogeuka kwenye kona, nilibaki nimesimama mpaka Osang akanishika kiwiko. Siku hiyo hakunitania.

Sasa Florimae ni kiongozi. Chini yake wako watu kumi na mmoja wanaofanyia kazi majumbani kwao, mikoani, na sita wa pale ofisini. Jambo la kwanza alilofanya ni kukataza watu kukaa meza moja kwenye mkutano. Hata wa ofisini, kila mmoja anaenda kwenye meza yake na kufungua kioo chake, ili nyuso zote ziwe ndogo sawasawa. Wananung'unika. "Tuko chumba kimoja, tunatazamana kwenye kioo kama wapumbavu!" Yeye huwaambia wavumilie. Na mtu anayekuja kwenye usaili akisema hana swali, Florimae hakati simu. Anakaa kimya, anasubiri.

"Wengine tunakaa hivyo dakika nzima, Lola," aliniambia. "Mpaka wanaona haya ya kutokuuliza."

Nilicheka. Kisha simu ikakatika, nyumba ikawa kimya, paka akapanda kitini.

Nilikaa na kimya hicho siku kadhaa. Kumsubirisha mtu mpaka aulize. Mimi, nani alikuwa ananisubiri niulize?

Jumapili Nelfa akapiga, kama kila Jumapili, akiwa jikoni kwa watu. Niliiegemeza simu kwenye chupa ya siki na kuifunga kwa mpira ili isidondoke. Akauliza presha yangu, akauliza bati, akauliza Florimae. Nikamjibu yote. Halafu akasema, kama anavyosema siku zote, "Haya Nanay, kama huna lingine..."

"Ninalo."

"Nini?"

Masikio yangu yakawaka, umri huu wangu. "Utarudi lini, mwanangu? Siyo likizo. Kurudi."

Nilisikia maji yanatiririka nyuma yake. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona nywele zake za mbele zimeingia mvi, jambo ambalo hakuwahi kuniambia na mimi sikuwahi kuuliza.

"Miaka kumi na tisa, Nanay," akasema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza hilo. Nilidhani mmeshazoea."

"Hatujazoea."

Akafuta uso kwa nyuma ya mkono. "Ngoja," akasema. "Usikate. Nifunge bomba kwanza, nije nikujibu."

Akaiweka simu chini, chali. Kwenye kioo nikaliona dari la jikoni kwa wale watu, jeupe, pana, halina doa. Sikulijua dari hilo, na binti yangu ameishi chini yake miaka yote hii. Maji yakakoma. Nikakaa wima kwenye kiti cha Florimae, nikalitazama, nikisikiliza ndala zake zikirudi.