Chuma cha Kupasulia Barafu

Nadia alifundisha fizikia kwenye lisee moja ya Kisangani, na somo lilikuwa limefika kwenye miezi ya barafu inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Alitaka wanafunzi waone kwa macho yao. Akanunua mabonge ya barafu kwa wauza samaki, akayapanga uani juu ya mchanga, akapanda ghorofani na kuyaangushia jiwe.

Barafu ilipasuka kwa kishindo. Vipande viliruka hadi ukutani, na kila kilichoangukia mchangani kiliacha kishimo chake.

"Mumeona?" aliuliza kutoka juu. "Kule Europa, mmoja wa miezi hiyo, vishimo vingi vidogo havikuchimbwa na mawe ya angani. Ni barafu yenyewe, imerushwa na pigo moja kubwa, ikaangukia mbali kabisa."

"Madame, tupige na kitu kizito zaidi!" alisema Larissa, kiongozi wa darasa, na wenzake wakashangilia.

Kitu kizito alikuwa nacho. Tonton Idrissa, mdogo wa mama yake, fundi wa vyuma aliyehamia mjini kutoka Maniema juzijuzi tu, alikuwa amempa asubuhi chuma cha kupasulia barafu, kimefungwa kwenye gunia. Nadia akakifungua. Kilikuwa kimeliwa na kutu, kizito kuliko ukubwa wake. Alipokiinua, udongo ulimomonyoka mkiani, vikatokeza vibawa vidogo vya chuma vilivyopangwa mduara.

Chini, wanafunzi walianza kuhesabu: "Un, deux..."

Vibawa hivyo alivijua. Alikuwa mtoto mdogo majeshi ya kigeni yalipopigana mjini, akilala na mama chini ya kitanda. Chuma kimoja chenye vibawa kama hivyo kilijichomeka kwenye ua wa jirani bila kulipuka, watu wakawa wanakipita wakienda kuteka maji. Kisha asubuhi moja kililipuka, na ule ua haukuwepo tena.

"Tokeni," alisema. "Tokeni uani! Wote, barabarani! Larissa, watoe!"

Alikilaza sakafuni taratibu, pumzi ameibana, akashuka ngazi. Alipofika barabarani akapiga simu.

"Tonton, kile chuma ulikitoa wapi?"

"Simi-Simi, pale tulichimba fosi ya choo. Iko nguvu, sivyo?"

"Iko bombe, Tonton."



"Bilikuwa bitatu," Tonton alisema. "Moja iko hapa ku atelier. Mi nagongeaka bati juu yake."

"Toka humo! Toka sasa hivi! Na ya tatu?"

"Nilipatia watu wa pirogi, bafanye nanga. Bamekwisha kwenda Isangi."

Kabla ya jua kuzama wanajeshi walikuwa wamefunga barabara, wakaondoa kile cha shuleni na kile cha karakana. Hakuna aliyeumia. Watu walimpa Nadia mkono, lakini yeye alikuwa akimtazama Tonton, aliyekaa ukingoni mwa mtaro, simu sikioni, akiipiga tena na tena namba ya mwenye pirogi. Huko mtoni mtandao ulikuwa haushiki. Na safarini, kila kituo, mtu alikuwa akikinyanyua kile chuma na kukitupa majini.