Macho Yaliyotupwa Darini

Filipo aliposhuka garimoshi Dodoma, salamu ya kwanza aliyoipata katika nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa kejeli.

"Wewe ndiye mwalimu wa vipofu?" Akida Hasani, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi kuitawala sehemu ile, alimpima kwa macho tangu kofia hadi viatu. "Hapa hata wenye macho hawajapata mwalimu. Huko kwenu Rabai vipofu wamekwisha, hata Waingereza wakutume kwetu?"

"Sikutumwa na Waingereza. Nimeitwa na padri."

"Na padri huyo ni nani kama si Mwingereza? Sikiliza, bwana mdogo. Wagogo wakikuua, nitaandika kwamba umeliwa na simba. Simba hapa ni wengi, na bwana mkubwa wa Kidachi haulizi mara mbili."

Filipo alicheka. Alikuwa kijana bado, na hajapata kumwogopa mtu. Kwao Rabai, upande wa Waingereza, alikuwa amefundisha vipofu kusokota kamba na kwenda sokoni kwa miguu yao wenyewe. Mashairi alijifunza mwenyewe, kwa kuyasikia na kuyajaribu mdomoni. Alivuka mpaka akiamini kwamba Ugogo nzima itamshukuru.

Padri alimfikisha Msisi, kijiji cha nyumba za tembe, za udongo na dari bapa, mashariki ya stesheni, akamkabidhi mwanafunzi mmoja, akarudi misheni. Mwanafunzi huyo aliitwa Matonya. Zamani alikuwa mchungaji mwenye ng'ombe na majigambo. Wadachi walipopasua mawe wapitishe reli, walimchukua kazini kwa nguvu, na baruti ikamlipukia usoni. Tangu siku hiyo dada yake, Loisi, alimwongoza kwa fimbo, yeye ameshika ncha ya mbele, kaka yake ameshika ya nyuma.

Hivyo ndivyo Filipo alivyowakuta wakitoka nyumbani, na damu ikamchemka. Baba yake alipitishwa Ugogo hii hii katika msafara wa watumwa, kongwa la mti shingoni, amefungwa na mwenzake mbele na nyuma. Watu wawili na mti kati yao! Filipo hakuuliza neno. Aliinyakua fimbo akaitupa juu ya dari la tembe.

"Umetupa macho ya kaka yangu," alisema Loisi.

"Macho gani? Ule ni mti wa utumwa. Siku nitakayoushika mimi, niiteni mtumwa." Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanakusanyika na yeye alipenda kusikilizwa, akaghani:

"Kipofu siye mzigo, abebwe kama gunia,
Mwacheni ashike njia, mguu utamwambia."

"Maneno matamu," alisema Loisi. "Je, yanachota maji?"

Watu wakacheka. Mzee Ndahani, mkubwa wa kijiji, hakucheka. "Kijana, hujui ulichokitupa. Anayeshika ncha ya mbele ya fimbo ya kipofu hapigwi, hata awe mwizi. Ukimpiga, umempofusha kipofu mara ya pili, na laana yake haina tambiko."

"Kwetu Rabai hatuogopi miti, mzee."

"Basi ungebaki kwenu," alisema Matonya. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mwalimu wake.

Filipo alianza kazi. Alisokota kamba ndefu kwa nyuzi za gome la mbuyu, akaifunga kwenye vigingi kutoka mlangoni kwa Matonya hadi kisimani, chini kwenye korongo la mchanga. Penye uzio wa miiba alipiga fundo moja, penye kona mawili, na karibu na kisima matatu, ili mkono ujue mahali ulipo.

Matonya alijifunza kwa chuki. Alianguka, akaumia magoti, na vijana wa kijiji wakaja kutazama kama watu waliokuja ngomani.

"Mtu mmoja alinitoa macho kwa baruti," alinung'unika siku moja, mdomo umejaa mchanga. "Wewe umekuja kunimalizia miguu."

"Inuka. Fundo la pili liko wapi?"

"Mtafute mamako umuulize."

"Inuka, Matonya!"

Akainuka. Na asubuhi moja Filipo alipokwenda kumwamsha hakumkuta. Alimkuta njiani anatoka kisimani, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umeshika kibuyu kinachovuja maji. Matonya alisikia hatua zake, akapita bila salamu. Filipo alisimama pale akitabasamu peke yake kama mwehu.

Mwezi wa mvua ukafika, mvua haikufika. Uwele ulikuwa umekwisha kupandwa mavumbini. Mawingu yalipanda kutoka mashariki, yakasimama juu ya Msisi, yakageuka kama ng'ombe aliyenusa damu. Ng'ombe wa kweli walianza kuanguka. Hapo watu wakakumbuka kwamba kuna mgeni, na kwamba mgeni huyo amefunga kamba yenye mafundo hadi kwenye maji.

Walimjia mchana jua la utosi, kijiji kizima, vijana mbele na marungu na mikuki. Walimkuta mlangoni kwa Matonya akikaza kigingi.

"Umeifunga mvua," alisema Mzee Ndahani. "Fungua mafundo yako."

"Nimefunga kamba, mzee. Mvua ya Mungu nitaifungaje kwa gome la mbuyu?"

"Wanaoifunga hufunga hivyo hivyo. Fungua."

Filipo angeweza kuyafungua. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Lakini alizitazama zile nyuso, akasikia kiburi kikimpanda kooni. "Sifungui! Nikiyafungua na mvua ikanyesha, mtasema ni kweli niliifunga. Isiponyesha, mtasema nimeficha mengine."

"Kweli," alisema Mzee Ndahani bila hasira. "Ndivyo tutakavyosema."

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpasua nyusi, damu ikamwingia jichoni. Kijana mmoja aliikata kamba kwa mkuki, nayo ikalala mavumbini. Filipo alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa udongo.

"Filipo!" Sauti ilitoka ndani, na Matonya akatokea mlangoni. "Iko upande gani?"

"Nini?"

"Macho yangu uliyoyatupa. Sema upesi, mpumbavu wewe!"

"Juu ya mlango. Mkono wa kulia."

Dari la tembe ni fupi. Matonya alinyoosha mkono, akapapasa, akaishusha fimbo na vumbi lake. Akaielekeza mbele, ncha ikamgusa Filipo kifuani.

"Shika."

Filipo aliutazama ule mti, akakumbuka alichokiapa mbele ya watu hawa hawa. Loisi naye alikumbuka. "Haya, mtumwa," alisema taratibu, "shika mti wako."

Akashika. Rungu lililokuwa limeinuliwa likabaki juu, kisha likashuka polepole. Mzee Ndahani alitema mate chini, akasogea pembeni, na umati ukapasuka ukaacha njia.

"Songa," alisema Matonya nyuma yake. "Uzio kushoto. Sasa kona. Mbona unatembea kama kuku mgonjwa?"

Filipo alitangulia, lakini njia alikuwa akiambiwa. Vijana waliwafuata mbugani wakimtukana yeye, mama yake na Rabai yote, wala hakuna aliyeinua mkono. Waliishia pale walipomwona askari wa stesheni na bunduki yake.

Akida Hasani alikuwa amesimama kando ya reli. "Kumbe simba wamekukataa?" alisema, akaenda zake akicheka.

Filipo aliiachia fimbo. "Kamba imekatwa, Matonya. Nani atakurudisha nyumbani?"

"Wewe ulikuja huku kufanya nini?"

Filipo alifuta damu jichoni kwa kiganja.

"Usirudi," alisema Matonya. "Mwakani mvua ikichelewa, watakukumbuka. Na mimi sitakuwa tena na huruma."

Aligonga chuma cha reli kwa fimbo, chuma kile kile kilichomla macho, akakipa mgongo, akaondoka peke yake. Mbali kidogo alijikwaa kwenye kichuguu, akaanguka kifudifudi. Filipo alifungua kinywa apige kelele, "Kulia!" kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye damu.

Matonya aliinuka, akamlaani Filipo kwa jina, sauti ikafika hadi stesheni. Akapapasa kwa fimbo huku na huku. Akashika kulia.